Kuendesha bila leseni Marekani na hatari yake kwa makaratasi yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kosa la kwanza la kuendesha bila leseni Texas lina faini isiyozidi dola 200. Georgia, kitendo hicho hicho kinakupeleka jela siku mbili kwa uchache, na sheria inaamuru uchukuliwe alama za vidole. Kwa raia, tofauti hiyo ni usumbufu na hela. Kwa mgeni inaweza kuamua kama atalala nyumbani au katika kituo cha ICE, idara ya serikali kuu inayowakamata wageni na kuwarudisha kwao. Majibu haya ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wenye makaratasi na wasio nayo, na kwa wanaofuatilia mjadala wa kuongeza au kupunguza adhabu hizi.

Kwani kuendesha bila leseni ni kosa la uhamiaji?

Hapana. Leseni ni mambo ya jimbo, uhamiaji ni mambo ya serikali kuu. Hakuna kifungu cha sheria ya uhamiaji kinachosema mtu arudishwe kwao kwa sababu aliendesha bila leseni. Kwa kawaida kosa hili halimo hata katika kundi la makosa ya utovu wa maadili, linalobeba wizi, utapeli na mengine ya aina hiyo. Mwenye grini kadi hapotezi kadi yake kwa sababu ya kosa hili peke yake.

Anayeumia ni yule ambaye tayari ana tatizo la makaratasi, au ambaye hadhi yake ni ya muda na ina masharti ya makosa. Huyo leseni ndiyo inayomfikisha mbele ya watu wa uhamiaji.

Basi watu wanafikaje mikononi mwa ICE kwa kosa la leseni?

Fuata hatua kwa hatua. Polisi anasimamisha gari kwa taa mbovu ya nyuma au mwendo kasi. Dereva hana leseni. Hapo polisi ana njia mbili: kumwandikia tiketi na kumwacha aende, au kumkamata. Akikamatwa anapelekwa jela ya kaunti, anapigwa picha, na vidole vinawekwa mmoja mmoja juu ya kioo cha mashine. Alama hizo zinatumwa FBI, na FBI inazipitisha kwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Mpango huu ulianza 2008, na upitishaji wa alama haumsubiri sherifu akubali. Kama mtu huyo aliwahi kuchukuliwa alama mpakani, uwanja wa ndege, ubalozini alipoomba visa, au alipoomba hifadhi, jina lake linatokea.

ICE ikimtaka, inatuma jela fomu I-247A, ikiomba ashikiliwe hadi saa 48 baada ya muda ambao angeachiwa. Ndiyo maana ndugu hulipa dhamana asubuhi, wakasubiri nje ya jela, na mtu asitoke. Kabla ya kulipa, piga simu jela uulize swali moja: ana ombi la kushikiliwa la ICE au hana? Kama analo, zungumza kwanza na wakili wa uhamiaji. Dhamana ya kaunti haimtoi mtu mikononi mwa ICE.

Sio jela zote zinazokubali ombi hilo. California, kwa sheria ya SB 54 ya 2017, na Illinois kwa sheria yake ya mwaka huo huo, zimeweka mipaka. Georgia imekwenda upande wa pili: HB 1105 ya 2024 inawataka wasimamizi wa jela wakague hadhi ya uhamiaji na washirikiane na ICE.

Kuna pia kifungu 287(g), kilichoingizwa kwenye sheria mwaka 1996, kinachoruhusu polisi na masherifu kufanya sehemu ya kazi ya uhamiaji kwa mkataba. Mikataba ya jela humgusa aliyekwisha kuingizwa ndani. Ile ya barabarani, iliyorudishwa 2025, inampa askari uwezo wa kushughulikia uhamiaji pale pale alipokusimamisha.

Polisi anaweza kunikamata kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu?

Ndiyo, kwa mujibu wa katiba. Mwaka 2001, katika kesi ya Atwater dhidi ya mji wa Lago Vista, Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kukamatwa kwa mama aliyekuwa akiendesha bila mkanda, kosa ambalo faini yake haikuzidi dola 50. Mwaka 2008, katika kesi ya Virginia dhidi ya Moore, ikakubali ukamataji wa dereva mwenye leseni iliyofungiwa, ingawa sheria ya jimbo ilitaka apewe samansi tu.

Upande wa pili una ulinzi wake. Tangu uamuzi wa mahakama hiyo hiyo katika kesi ya Rodriguez ya 2015, polisi haruhusiwi kurefusha muda wa kukusimamisha barabarani kupita shughuli ya tiketi bila sababu ya kushuku kosa jingine. Na tangu uamuzi wake katika kesi ya Arizona ya 2012, polisi wa jimbo asiye na mkataba hawezi, kwa kawaida, kukukamata kwa sababu tu anadhani unaweza kuondolewa nchini.

Dereva lazima atoe leseni, usajili wa gari na bima anapoulizwa. Swali la ulikozaliwa unaweza kulinyamazia. Kusema uongo au kutoa kadi bandia ni kosa baya kuliko lile la leseni. Na kumbuka kwamba sheria ya serikali kuu inamtaka mgeni wa miaka 18 na zaidi atembee na uthibitisho wake wa usajili, kama grini kadi. Wengi wenye makaratasi halali huyaacha nyumbani kwa hofu ya kuyapoteza, kisha yanahitajika barabarani.

Adhabu zenyewe zikoje?

Zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Texas: faini hadi dola 200, lakini ukihukumiwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja jela inaingia, saa 72 hadi miezi 6. Minnesota: kosa dogo la jinai, hadi siku 90 na dola 1,000.

Florida iliongeza ukali kwa HB 1589, iliyoanza Julai 2024. Kosa la kwanza ni hadi siku 60 na dola 500, la pili hadi mwaka mmoja na dola 1,000, na kuanzia la tatu hakimu hana hiari: siku 10 za jela kwa uchache. Na masherifu wa kaunti zote 67 za Florida wana mikataba ya 287(g), kwa hiyo siku hizo za jela si jela tu.

Georgia ndiyo kali zaidi katika hizi. Kosa la kwanza ni siku 2 hadi miezi 12, na faini ya dola 500 hadi 1,000 inaweza kuongezwa. Kuhukumiwa mara ya nne ndani ya miaka mitano ni kosa kubwa la jinai, mwaka 1 hadi 5.

Kusahau leseni nyumbani, leseni iliyokwisha muda, na kutokuwa nayo kabisa ni kitu kimoja?

La, na watu wengi hukubali kosa zito pale ambapo lao ni jepesi. Soma namba ya kifungu kwenye tiketi. California, kwa mfano, 12951 ni kutoibeba, na kwa kawaida inafutwa ukiionyesha mahakamani. 12500 ni kutokuwa nayo. 14601 ni kuendesha wakati imefungiwa, nalo ni zito zaidi. Florida, leseni iliyokwisha kwa miezi sita au pungufu haiingii kwenye jinai. Ukiona tiketi yako imeandikwa kifungu kisicho chako, mwambie wakili au mwendesha mashtaka kabla hujakiri chochote.

Ni wapi mtu asiye na makaratasi anaweza kupata leseni?

Majimbo 19 na Washington, D.C.: California, Colorado, Connecticut, Delaware, Hawaii, Illinois, Maryland, Massachusetts, Minnesota, Nevada, New Jersey, New Mexico, New York, Oregon, Rhode Island, Utah, Vermont, Virginia na Washington. Minnesota, yenye jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki, ilianza Oktoba 1, 2023. Kwingine, kama Utah, kadi si leseni kamili bali ni ruhusa ya kuendesha.

Kadi hizi zina maandishi yanayosema hazitumiki kama kitambulisho cha serikali kuu, kwa sababu hazikidhi sheria ya REAL ID ya 2005, inayoweka viwango vya vitambulisho nchi nzima. Tangu Mei 7, 2025 sheria hiyo inasimamiwa kwenye viwanja vya ndege. Usione haya kwa maandishi hayo: Minnesota na New York raia wengi wanabeba kadi yenye maneno hayo hayo kwa sababu tu hawakutaka kulipia nyingine. Lakini ukisafiri kwa gari, angalia unakokwenda. Tangu Julai 2023 Florida haitambui leseni za majimbo mengine zilizotolewa mahususi kwa wasio na makaratasi. Mtu anatoka Connecticut akiwa dereva halali, akivuka kuingia Florida anahesabiwa kama hana leseni.

Nina kibali cha kazi na kesi ya hifadhi. Hili linanihusu?

Linakuhusu sana, na ndilo kundi linalosahaulika katika mjadala huu. Mwenye kesi ya hifadhi anaruhusiwa chini ya REAL ID kupata leseni ya muda. Lakini katika majimbo mengi leseni hiyo inaisha siku kibali chako kinapoisha. Zamani aliyeomba kibali kipya kwa wakati aliongezewa muda moja kwa moja, hadi siku 540. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Oktoba 30, 2025 nyongeza hiyo imeondolewa kwa makundi mengi, wakiwemo waomba hifadhi. Matokeo yake, mtu asiyevunja sheria yoyote anaamka bila kibali cha kazi na bila leseni, na zamu ya ghala inaanza saa kumi na moja alfajiri mahali pasipo basi.

Omba kibali kipya mara dirisha linapofunguka, siku 180 kabla ya kuisha. Ukienda ofisi ya leseni, wao huhakiki hadhi yako kupitia mfumo wa SAVE wa USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya vibali na uraia. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina: kibali kina majina matatu, I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako nchini) ina mawili, pasipoti imeyageuza mbele nyuma. Omba namba ya uhakiki kabla hujaondoka dirishani, kisha fuatilia mwenyewe kwenye tovuti ya SAVE CaseCheck. Bila namba hiyo utarudi wiki kwa wiki kuambiwa usubiri.

Leseni yangu ya Kenya, Tanzania au Kongo inatosha?

Kwa mgeni wa muda mfupi, majimbo mengi huikubali. Ukishakuwa mkazi, saa inaanza kuhesabu: California siku 10, Minnesota 60, Texas 90. Baada ya hapo wewe ni dereva asiye na leseni, hata kama uliendesha malori Mombasa hadi Kampala miaka 20.

Kile kijitabu cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni ya kwenu. Hakina nguvu bila leseni yenyewe, na hutolewa na nchi iliyokupa leseni. Anayekuuzia mtandaoni akiwa Marekani, akisema kitakutosha miaka kumi, anakuibia.

Ofisi ya leseni wameniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Niseme ndiyo?

Kama si raia, sema hapana. Tangu sheria ya 1993 ofisi za leseni huuliza swali hili, na karani hulipitisha haraka pamoja na swali la kuchangia viungo vya mwili. Mgeni asiyeelewa anasema ndiyo kwa adabu, anasaini, na saini hiyo ni tamko kwamba yeye ni raia. Kudai uraia kwa uongo ni msingi wa kufukuzwa nchini, na kwa wengi hakuna msamaha unaofuta. Kosa hili linawaangusha hata wenye grini kadi, miaka baadaye, wanapoomba uraia. Soma kila kisanduku kabla ya kusaini. Kama umeshajiandikisha kimakosa, usipige kura kamwe, wala usiombe uraia kabla ya kumwona wakili.

ICE wanaweza kuona taarifa zangu za leseni?

Inategemea jimbo. Sheria ya New York ya 2019 inazuia ofisi ya leseni kutoa kumbukumbu kwa watu wa uhamiaji bila amri ya jaji, na inataka mhusika ajulishwe. Minnesota nayo imeweka zuio lake. Lakini polisi wa nchi nzima hubadilishana kumbukumbu za madereva kupitia mtandao wa Nlets, na majimbo hayafanani katika kuufunga mlango huo. Kumbuka pia kwamba aliye na kesi ya hifadhi au aliyeomba kibali tayari ameipa serikali anwani yake. Kwake, kukwepa leseni kwa kuogopa kujulikana hakumfichi.

Nimepewa tiketi. Nifanye nini?

Kwanza, usikose mahakama. Kutofika kunazaa hati ya kukamatwa, na hati hiyo ndiyo itakayokuingiza jela ile uliyoikwepa siku ya tiketi. Ukihama, badilisha anwani mahakamani.

Pili, kama unastahili leseni, itafute kabla ya tarehe ya kesi. Waendesha mashtaka wengi hupunguza au hufuta shtaka la mtu aliyekuja na kadi mkononi.

Tatu, usilipe tiketi mtandaoni kabla ya kujua ni ya aina gani. Kwenye majimbo mengi kulipa ni kukiri. Kama ni kosa la kiraia hakuna shida kubwa. Kama ni jinai, umejihukumu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe.

Nne, jihadhari na makubaliano yanayoonekana mazuri. Sheria ya uhamiaji ina maana yake ya kuhukumiwa: ukikiri kosa na jaji akakuwekea adhabu au sharti lolote, umehukumiwa, hata kama mahakama ya jimbo imesema haikukuhukumu. Minnesota, makubaliano ya kusitisha hukumu baada ya kukiri yanahesabika. Kuahirisha kesi hadi ifutwe, bila kukiri, hakuhesabiki. Florida, hukumu iliyozuiliwa baada ya kukiri inahesabika. Kufutiwa rekodi baadaye hakusaidii kwa kawaida. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kukushauri kuhusu athari za uhamiaji kabla hujakiri. Muulize waziwazi, na kwa jina la hadhi yako. Kesi za faini tupu kwa kawaida hazina wakili wa bure, kwa hiyo huko lazima utafute mwenyewe.

Je, tiketi mbili zinaweza kuniondolea TPS?

Zinaweza, na hapa ndipo tofauti ya majimbo inapouma zaidi. TPS, ulinzi wa muda ambao Somalia ilipewa mwaka 1991, Burundi kati ya 1997 na 2009, na Sudan Kusini mwaka 2011, haimfai aliyehukumiwa kosa kubwa moja au makosa madogo ya jinai mawili. Kanuni inasema kosa ambalo kifungo chake cha juu hakizidi siku tano halihesabiwi. Hesabu sasa: mtu mwenye hukumu mbili za kuendesha bila leseni Texas, zote za faini tu, yuko salama kwa kipimo hicho. Jirani yake aliyefanya vivyo hivyo Georgia ana makosa madogo mawili yenye kifungo hadi miezi 12, na amepoteza sifa. Kinachotazamwa ni kifungo cha juu kilichoandikwa kwenye sheria, hata kama hakimu alitoza faini tu. Nchi zilizomo kwenye orodha hubadilika, kwa hiyo thibitisha kwanza kama yako bado imo.

Na uraia?

Fomu N-400 inauliza kuhusu kukamatwa na kupewa tiketi. Taja zote. Huhitaji kuambatisha nyaraka kwa tiketi isiyo na ukamataji ambayo faini yake ilikuwa chini ya dola 500, isipokuwa ilihusu pombe au dawa. Uongo chini ya kiapo unaharibu ombi hata pale ambapo tiketi isingeliharibu. Tangu Agosti 2025 maofisa wa USCIS wameelekezwa kupima pia makosa ya barabarani ya mazoea, kwa hiyo tiketi sita za bila leseni ndani ya miaka mitano zitaulizwa.

Wanaotaka adhabu kali wana hoja gani?

Wana hoja ya uhai. Utafiti wa ofisi ya leseni ya California wa 2012 ulionyesha kwamba madereva wasio na leseni wana uwezekano karibu mara tatu wa kusababisha ajali ya kifo kuliko wenye leseni. Hawajafanya mtihani, wengi hawana bima, na aliyegongwa nao habaki na wa kumlipa. Familia iliyozika mtu haitaki kusikia habari za faini ya dola 200, na ina haki.

Tunachokataa ni hatua inayofuata, kwamba jela itawafanya watu wapate leseni katika jimbo lililowafungia ofisi ya leseni. California ilijaribu njia nyingine: sheria ya AB 60 ilianza Januari 2015, na zaidi ya watu 600,000 walipata leseni mwaka wa kwanza. Watafiti wa Stanford walipopima matokeo, mwaka 2017 wakaonyesha kwamba ajali hazikuongezeka, na matukio ya kugonga na kukimbia yalipungua kwa asilimia 7 au zaidi, karibu 4,000 pungufu kwa mwaka. Sababu inaeleweka. Anayeogopa kufukuzwa nchini anakimbia. Mwenye leseni anasimama na kuita gari la wagonjwa. Massachusetts wapiga kura wenyewe waliulizwa Novemba 2022, na karibu asilimia 54 wakaunga mkono leseni.

Kwa hiyo mswada wowote wa adhabu ukiletwa kwenu, usiangalie kiasi cha faini kwanza. Angalia kama unaamuru alama za vidole, kama kifungo cha juu kinazidi siku tano, kama unahesabu makosa ya kurudia bila kikomo cha miaka, na kama unamtenga aliyefungiwa leseni kwa ulevi na aliyekosa kibali kwa kucheleweshwa na serikali. Mlevi aliyefungiwa anastahili ukali. Kumweka muuguzi msaidizi mwenye kibali kilichochelewa kwenye kifungu hicho hicho ni dhuluma, na mbunge wenu anapaswa kuisikia kutoka kwenu kabla ya kura.

Nikigonga mtu nikiwa sina leseni?

Simama. Ita 911. Baki. Kukimbia kunageuza tatizo la leseni kuwa jinai nzito. Aliyeingia bila ukaguzi au asiye na hati halali ajue pia kwamba sheria ya Laken Riley, iliyosainiwa Januari 29, 2025, inalazimisha kushikiliwa kwa aliyekamatwa au kushtakiwa kwa kosa lililosababisha kifo au jeraha kubwa. Toa majina na bima, msaidie majeruhi, na maelezo mengine yasubiri wakili.

Naweza kumwazima binamu yangu gari, hana leseni lakini anajua kuendesha?

Usimpe. Majimbo mengi, Texas na California zikiwemo, humwadhibu pia mwenye gari aliyeruhusu akijua. Gari linavutwa hadi yadi, na ada za kulitunza huhesabiwa kila siku. California sheria inaruhusu lishikiliwe hadi siku 30, ingawa mwenye gari anaweza kudai kusikilizwa ili alitoe mapema. Bima nayo inaweza kukataa kulipa kwa dereva ambaye hakutajwa kwenye mkataba. Mpeleke kazini wewe, na siku yako ya mapumziko mkae naye kwenye maswali ya mtihani.